.cd, .com ao .org: jina gani la intaneti kwa anayetaka kusikika ng'ambo?

Tuseme koperativi ya wakulima wa Nyakabere, katika teritwari ya Uvira, imeamua kufungua ukurasa wake kwenye intaneti. Hawautaki juu ya majirani. Jirani wa Sange ao wa Kiliba akitaka kujua bei ya mchele anapiga simu, ao anakuja mwenyewe na baiskeli. Wanautaka juu ya watu wa mbali: mnunuzi wa Dar es Salaam, shirika la Ubelgiji linalotafuta wakulima wa kutumika nao, na watoto wa hapa waliohamia Kanada, Marekani na Australia, ambao siku wakitaka kutuma mchango hawajui waanzie wapi.

Kijana anayejua kompyuta anawaambia kazi ni nyepesi. Kiisha anawauliza swali moja: jina la ukurasa litamalizika namna gani? Hapo ndipo kikao kinaanza kuwa kirefu. Mmoja anasema: “Tia tu .com, iyo njo batu bote banajua.” Mwingine anajibu kwamba wao ni Wakongomani, basi wakamate .cd. Wa tatu amesikia kwamba mashirika yote makubwa yana .org. Mara nyingi anashinda yule mwenye sauti kubwa, na hakuna anayeuliza jina litakuwa la nani kwenye karatasi, ao litalipiwa na nani mwaka ujao.

Kipande kile cha mwisho cha jina, herufi zinazofuata nukta, wenye kazi wanakiita ekstansio. Hapa tukiite mkia wa jina, maana ndivyo kinavyoonekana. Ni kitu kidogo. Lakini anayeomba imani ya mtu asiyemuona kwa macho, aliye mbali kilomita elfu 6 ao zaidi, huo mkia ni moja ya vitu vya kwanza ambavyo mtu yule anasoma.

Jina siyo nyumba

Mbele ya kuchagua, kuna mchanganyiko wa kuondoa. Watu wengi wanafikiri kwamba ukurasa wenye .cd unakaa Kongo na wenye .com unakaa Marekani. Sivyo. Ukurasa unakaa ndani ya kompyuta inayowaka usiku na mchana, inayoitwa seva, na seva hiyo inaweza kuwa Kinshasa, Paris ao Johannesburg. Jina ni kibao tu cha njia kinachoonyesha nyumba iko wapi. Unaweza kuhamisha nyumba na kubaki na kibao kilekile.

Jambo hilo lina uzito kwetu. Wakati serikali ilipokata intaneti baada ya uchaguzi, kuanzia 31 Desemba 2018, nchi ilikaa karibu wiki tatu bila mtandao. Katika hali kama hiyo, ukurasa uliowekwa kwenye seva ya ng'ambo unaweza kuendelea kufunguka kwa msomaji wa Brussels, hata kama wenyewe walio Uvira hawawezi kuongeza hata neno moja. Kwa hiyo swali la seva liulizwe peke yake, na swali la mkia peke yake.

Mikia iko ya aina mbili kubwa. Kuna ile ya jumla, kama .com, .org na .net, ambayo ilianza mwaka 1985 na ambayo mtu yeyote wa nchi yoyote anaweza kuinunua. Na kuna ile ya nchi, yenye herufi mbili. Nchi 4 zinazogawana Ziwa Tanganyika zina mikia 4: Burundi ni .bi, Tanzania ni .tz, Zambia ni .zm, na sisi ni .cd. Herufi hizo hazikuchaguliwa na watu wa intaneti. Zinatoka kwenye orodha ya kimataifa ya alama za nchi, ileile inayotumiwa kwenye mambo ya benki na posta.

Kwa nini CD, kwa nchi inayojiita RDC? Kwa sababu CG ilikuwa imekwisha kukamatwa na jirani yetu wa Brazzaville. Hapo kuna mtego wa kwanza. Mgeni aliyeambiwa “ukurasa wetu ni wa Kongo” anaweza kuandika .cg bila kujua kwamba ameingia nchi ingine. Na kwa simu, mtu akitaja herufi kwa Kifaransa, “se-de” na “se-je” vinasikika karibu sawasawa, hasa kama mtandao unakatika-katika. Anayechagua .cd na anategemea watu wapate jina lake kwa kusikia, kwa redio ao kwa simu, ajue atarudia herufi hizo mara nyingi.

Mkia uliokufa

Vijana wengi hawajui kwamba nchi yetu ilikuwa na mkia mwingine. Wakati wa Zaire ulikuwa .zr. Tarehe 17 Mei 1997 nchi ilibadilisha jina, alama ya kimataifa ikabadilika, .cd ikaanza, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Aliyekuwa ameandika anwani yenye .zr kwenye karatasi zake, kwenye muhuri na kwenye kibao cha mlangoni, alipaswa kuanza upya.

Siyo sisi peke yetu. Mkia wa Yugoslavia, .yu, ulifutwa mwaka 2010, miaka mingi baada ya nchi yenyewe kuvunjika. Na wale Waingereza waliokuwa na .eu, mkia wa Umoja wa Ulaya, waliona majina yao yakisimamishwa kuanzia Januari 2021, juu ya nchi yao kutoka katika Umoja huo. Yalikuwa makumi ya maelfu ya majina. Mkia wa nchi unaishi kwa amri ya siasa: jina la nchi, mipaka yake, mikataba yake. Mkia wa jumla hauna shida hiyo, ingawa una zingine.

Google inasema nini juu ya .cd

Hapa kuna habari ambayo hata mafundi wengi wa Bukavu na Uvira wanaikosea. Wanamwambia mteja: “Ukitia .cd, Google itakuonyesha kwa watu wa Kongo tu, wazungu hawatakuona.” Kwa mikia mingi ya nchi, wazo hilo lina msingi. Google inachukua mkia wa nchi kama dalili kwamba ukurasa umeandikwa kwa ajili ya watu wa nchi hiyo. Ukurasa wenye .bi unapata nguvu kidogo mbele ya mtu anayetafuta akiwa Bujumbura, na hiyo dalili haimsaidii mbele ya mtu aliye Montréal.

Lakini Google yenyewe imeweka orodha fupi ya mikia ya nchi ambayo inaichukua kama ya jumla, kwa sababu imeuzwa dunia nzima kwa watu wasiohusika na nchi hizo. Humo muna .tv, ambayo ni ya visiwa vya Tuvalu na ambayo televisheni zimeikimbilia. Muna .fm, ya visiwa vya Micronesia, ambayo redio za dunia nzima zinaipenda. Muna .co ya Colombia na .me ya Montenegro. Na muna .cd yetu. Sababu ni ya kuchekesha kidogo: kwa mzungu, herufi CD ni ile sahani ya muziki, na watu wa muziki walinunua majina yenye .cd bila hata kufikiria Kinshasa.

Basi anayependa .cd asiogope kwamba Google itamfungia mlango wa ng'ambo. Kwa upande wa kutafutwa, .cd na .com ziko karibu sawa. Kinachomfanya mtu wa Ubelgiji aone ukurasa wa Nyakabere ni mambo mengine: je, umeandikwa kwa lugha anayotumia akitafuta? Je, maneno anayoyatafuta yamo? Je, kurasa zingine zinautaja? Ukurasa wa Kiswahili peke yake hautaonekana na mtu anayeandika swali lake kwa Kifaransa, hata ungekuwa na mkia wa dhahabu. Na kwa lugha mbili ao tatu hakuna haja ya kununua majina matatu. Jina moja linatosha, likifuatwa na alama ya mkwaju na herufi za lugha, /fr kwa Kifaransa, /en kwa Kiingereza, /sw kwa Kiswahili.

Nusu ya .cd mikononi mwa mtu mmoja

Kama Google haina neno, kwa nini basi watu wanasitasita juu ya .cd? Jibu liko kwenye usimamizi, na kuna kisa kimoja kinachopaswa kujulikana.

Kila mkia una msimamizi wake. Wa .cd ni kampuni ya serikali ya posta na simu, ile iliyojulikana kwanza kama OCPT na sasa SCPT. Kazi ya msimamizi ni kuwasha kompyuta ambazo dunia nzima inaziuliza: jina hili lenye .cd, nyumba yake iko wapi? Bila jibu la kompyuta hizo hakuna ukurasa wa .cd unaofunguka. Sasa, sehemu ya kompyuta hizo za kujibu zilikuwa zimeandikishwa chini ya jina lingine, scpt-network.com. Maana yake, funguo za .cd zilikuwa zimetundikwa kwenye jina la .com, na jina la .com ni lazima lilipiwe, kama jina lingine lolote.

Oktoba 2020, Fredrik Almroth, mtaalamu wa usalama wa kompyuta kutoka Sweden na mmoja wa walioanzisha kampuni ya Detectify, aliona kwamba jina hilo halikulipiwa na muda wake ulikuwa unakwisha. Akaanza kulichunga. Wiki zikapita. Mwisho wa Desemba 2020 jina likaachiliwa, mtu yeyote aweze kulinunua, na yeye akalinunua kabla halijaangukia mikono mibaya. Kuanzia hapo angeweza kujibu, kwa niaba ya nchi nzima, karibu nusu ya maswali yote yanayohusu .cd. Angetaka, angetuma wateja wa benki kwenye ukurasa wa uongo unaofanana na ule wa kweli, ao angezuia barua pepe za ofisi za serikali na kuzisoma. Hakufanya hivyo. Aliwajulisha wasimamizi Januari 2021, nao wakahamisha kompyuta zao kwenye jina lingine, scpt-network.net. Habari ikatoka kwenye magazeti ya nje mwezi uleule.

Hakuna aliyeibiwa, kwa bahati. Lakini mtu aliye ng'ambo, akiwa mkubwa wa shirika la msaada ao wa benki, anasoma kisa kama hicho na anakikumbuka. Na msomaji wa hapa apime ukubwa wa kosa: jina la .com linalipiwa dola chache kwa mwaka. Mkia wa nchi yenye watu makumi ya milioni ulibakia mlango wazi juu ya pesa isiyotosha kununua gunia la makala.

Hiyo siyo sababu ya kuikimbia .cd. Magazeti ya mtandao yanayosomwa zaidi nchini yanaitumia: actualite.cd, 7sur7.cd, politico.cd. Ofisi ya Raisi wa Jamhuri pia inaitumia. Hao wanaongea kwanza na Wakongomani, na .cd inasema wazi “sisi ni wa hapa.” Lakini tuangalie wale ambao kazi yao inahitaji kusikilizwa na watu wa nje. Hifadhi ya Virunga, inayotafuta watalii na wafadhili wa Ulaya na Marekani, iko virunga.org. Msingi wa Panzi, unaochangisha ng'ambo kwa kazi ya hospitali ya Bukavu, uko panzifoundation.org. Redio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, iko radiookapi.net. Hao hawakuchagua bila kufikiri.

.org haisemi kwamba mtu ni mwaminifu

Sawa, basi kila mtu akamate .org? Kwa koperativi, kwa shirika la wamama, kwa chama cha wavuvi kinachoomba msaada, .org ni chaguo zuri, kwa sababu mzungu ameshazoea kuona mashirika yasiyotafuta faida yakiitumia. Kwa anayeuza tu, mwenye depo ya samaki ao hoteli ya kandokando ya ziwa, .com inafaa zaidi, maana mtu akisahau mkia, vidole vyake vinaandika .com vyenyewe.

Lakini .org haitolewi baada ya uchunguzi. Hakuna anayeuliza karatasi za shirika. Mwizi anaweza kuinunua kwa dakika 5, sawa na mtu mwema. Na wezi wanajua saa ya kuinunua. Wakumbuke wakaaji wa Uvira usiku ule wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua ilipofurisha mto Mulongwe, nyumba kwa maelfu zikaenda na maji. Katika siku kama hizo watoto wa Uvira walio mbali wanatafuta kwa haraka fasi ya kutuma dola 20 ao 50, na kila ukurasa wenye picha za matope unafanana na mwingine. Kinachomsaidia mtu yule kutofautisha siyo .org. Ni jina la kamati, namba ya simu inayopokelewa, namba ya kuandikishwa kwa shirika, mahali linapojulikana, na miaka ambayo ukurasa umekuwepo. Jina lililofunguliwa wiki moja baada ya mafuriko linatia wasiwasi. Lililokuwepo miaka 4 kabla yake linatuliza.

Kwa hiyo jina linapata thamani kwa kuzeeka. Na hapo ndipo mikia ya bure iliwaumiza wengi. Kwa miaka, kampuni moja ya Uholanzi, Freenom, iligawa bure majina yenye .tk ya Tokelau, .ml ya Mali, .ga ya Gabon, .cf ya Afrika ya Kati na .gq ya Ginekweta. Vijana wengi wa Afrika walianza nayo, na huwezi kuwalaumu, bure ni bure. Lakini matapeli nao waliyakamata kwa mamilioni, mpaka barua pepe zilizotoka kwenye mikia hiyo zikawa zinatupwa kwenye takataka kabla ya kusomwa. Mwaka 2023 kampuni ya Meta, yenye Facebook, ilikuwa imeishitaki Freenom, ugawaji ukasimama. Juni 2023 Gabon ikachukua tena .ga yake na majina zaidi ya milioni 7 yakafutwa. Mwaka 2024 Freenom ikatangaza kuacha kazi hiyo. Aliyeandika .ga kwenye kadi zake za biashara alibakia na kadi tu.

Kuna mikia mingine ya kutaja haraka. .africa ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2017, baada ya kesi ndefu mbele ya mahakama ya California juu ya nani aisimamie. Inapendeza kwa anayetaka wateja wa Afrika, lakini mtu wa kawaida wa Ulaya hajaizoea. .ngo na ndugu yake .ong, za mashirika, zilianza 2015 na bado hazijulikani sana. Kwa mikia ya nchi za ng'ambo, .be ya Ubelgiji na .ch ya Uswisi zinauzwa kwa yeyote. .fr inataka mtu aliye Umoja wa Ulaya ao nchi chache za jirani zake, .ca inataka mwenye uhusiano na Kanada, .us na Marekani. Mwenye ndugu kule anaweza kupita kwake. Na hapo tunafika kwenye jambo linaloharibu majina mengi kuliko mkia mbaya.

Nani ameandikwa?

Kununua jina ukiwa Uvira siyo rahisi. Wauzaji wengi wa ng'ambo wanataka kadi ya benki, na mwanamemba wa koperativi ana M-Pesa ao Airtel Money tu. Kwa hiyo mtu anatafutwa: mpwa aliye Bujumbura, kaka aliye Namur, ao fundi wa kompyuta wa shirika fulani la misaada. Anatoa kadi yake, anaandika jina lake, anaweka barua pepe yake. Watu wanamshukuru, ukurasa unafunguka, na miezi inapita.

Kwenye vitabu vya muuzaji, jina hilo sasa ni la mpwa. Siyo la koperativi. Siku akigombana nao, ao akibadilisha kazi, ao akifa, koperativi haina cha kuonyesha. Mara nyingi hata hakuna ugomvi: barua ya kukumbusha malipo inaingia kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua tena.

Kinachofuata kinajulikana siku kwa siku. Kwa .com na .org, muda ukiisha, muuzaji anaweza kungoja mpaka siku 45, na kwa kawaida katika siku hizo ukurasa unazimika lakini mwenyewe anaweza bado kulipa. Kiisha zinakuja siku 30 za mwisho za kukomboa, ambapo mwenyewe bado ana haki, ila anaongezewa malipo mazito. Baadaye siku 5, hakuna mtu anayeweza kufanya kitu. Halafu jina linaachiliwa, na kuna watu duniani kazi yao ni kungoja majina yenye miaka mingi yaanguke. Scpt-network.com ilipita njia hiyohiyo. Wakulima wa Nyakabere wanaweza kuamka na kukuta jina lao linatangaza michezo ya kamari, na barua za wafadhili zikiingia kwa mtu wasiyemjua. Mfadhili hatauliza ni nani alisahau kulipa.

Dawa yake siyo ngumu. Jina liandikwe kwa jina la shirika lenyewe, hata kama kadi ni ya ndugu. Barua pepe ya kuandikisha isiwe ile yenye jina hilohilo, kwa sababu jina likizimika na barua inazimika, na onyo halifiki. Afadhali sanduku la Gmail lenye kufunguliwa na watu wawili wa kamati. .com na .org zinaweza kulipiwa mpaka miaka 10 kwa mara moja. Bei ya kawaida iko kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka, na .cd mara nyingi inapita hapo. Ajihadhari na tangazo la “dola 1”: hiyo ni ya mwaka wa kwanza tu, bei ya kweli imeandikwa chini kwa herufi ndogo.

Turudi kwenye kikao cha Nyakabere. Kama wana dola 60 mezani, ni afadhali wakamate .org moja kwa miaka 3 ao 4 kuliko kununua .org, .com, .cd na .africa kwa mwaka mmoja na kushindwa mwaka wa pili. Pesa ikipatikana baadaye, waongeze .cd na kuielekeza kwenye ukurasa uleule, ili Mkongomani anayejaribu .cd asipotee. Jina lenyewe liwe fupi, lisilo na kistari cha katikati. Na kama wanataka kutia jina la mto, wafikiri mara mbili: upande wetu wanaandika Ruzizi, upande wa Burundi na Rwanda wanaandika Rusizi, na nusu ya wageni wataandika z pale penye s. Mwenye jina la namna hiyo analazimika kununua yote mawili, ao kutafuta lingine.

Aliye tayari na jina la .com ao .org anaweza kuangalia leo hali yake bila kulipa kitu. Afungue lookup.icann.org, aandike jina lake, na asome mistari miwili: ya muuzaji aliyeliandikisha, na ya tarehe ambayo muda utakwisha. Jina la mwenyewe mara nyingi limefichwa, basi hilo ataliuliza kwa aliyelinunua, akiwa bado anapokea simu.